Naletewa mbwa na ndani nina simbilisi watatu, nishaurini kabla hajafika

MamaPili

Wakuu habari zenu, niende moja kwa moja.

Nina simbilisi watatu wote majike, Pili, Karanga na Bi Mkubwa. Huyu wa mwisho ana miaka mitano na ndo mwenye nyumba, sisi wengine wapangaji tu. Sasa kaka yangu anahamia sehemu ambayo hawaruhusu mbwa, akaniuliza kama naweza kumchukua wa kwake nikasema ndiyo kabla hajamaliza sentensi. Mbwa anaitwa Bosi, dume, miaka minne, amehasiwa, kilo tisa, mchanganyiko wa terrier na kitu kingine ambacho hakuna anayekijua. Kwa watu ni mpole mpaka anaboa. Paka akiwaona anawatoa mbio. Simbilisi hajawahi kuwaona tangu azaliwe.

Anakuja baada ya wiki tatu. Simbilisi wangu wako sebuleni, sakafuni, kwenye uzio wa zile nyavu za kuunganisha mwenyewe, juu wazi. Najua kuna watu hapa washashika vichwa. Mpango wangu ulikuwa siku hiyo hiyo ya kwanza namshika Bosi kwa mkanda, nampakata Karanga maana ndo mtulivu, wanusane wajuane yaishe. Mtandaoni kuna picha kibao mbwa kalala na simbilisi kakaa juu ya kichwa chake, nikajua ndo inavyokwenda. Mume wangu anasema hapo nimepotea njia. Nani yuko sahihi kati yetu?

fundi_vizimba

Mumeo.

Ngedere Mzee

Shem yuko sahihi dada, na ukimwonyesha huu uzi atatamba mwezi mzima.

MamaPili

Haya basi shem wenu kashinda, ila nielezeni kwa nini sasa maana mie sitaki tu kuambiwa hapana.

Jicho la Pembeni

Ngoja nikuelezee mimi maana mbwa ndo kazi yangu, nafundisha mbwa wa watu.

Hizo picha dada zinapigwa kwa sekunde moja. Sekunde iliyofuata huioni. Nimezikagua nyingi sana hizo, angalia simbilisi mwenyewe usimwangalie mbwa, utakuta kajikunja, macho yamemtoka, hasogezi hata sharubu. Watu wanaandika chini "marafiki wa kweli". Simbilisi anapoona kitu cha kumla ana njia mbili, atimue mbio ajifiche au agande kama jiwe. Akiwa mikononi mwako hana pa kukimbilia kwa hiyo anaganda. Unavyosema Karanga ndo mtulivu ukimpakata, mi nina wasiwasi utulivu wenyewe ni upi.

Sasa Bosi. Mbwa anapowinda kuna mtiririko wake, anaona, anakodoa, ananyatia, anakimbiza, anadaka, anaua, anakula. Binadamu wamechukua huo mtiririko wakaukatakata kulingana na kazi waliyotaka. Border Collie wakamwachia kukodoa na kukimbiza, wakamnyima kuua, ndo maana anachunga kondoo hawali. Greyhound wakampa macho na mbio. Terrier wakamwachia karibu wote, na hasa pale pa kudaka na kuua, maana kazi yake ilikuwa kumaliza panya na kuingia mashimoni kutoa vinyama vya manyoya. Anadaka, anatikisa kichwa mara mbili tatu, shingo imevunjika. Wala hana hasira na mtu hapo, mkia unaweza kuwa unacheza wakati anafanya hivyo. Kwa hiyo mtu akikwambia "mbona alikuwa anatikisa mkia" mwambie akae chini.

Na ukimkutanisha siku ya kwanza, mbwa mgeni, nyumba ngeni, kamkosa bwana wake, kachanganyikiwa, halafu unamsogezea puani kitu chenye joto kinachonukia nyasi na kinatetemeka. Unamfundisha nini? Unamfundisha kwamba mikononi mwako huwa kuna mawindo.

MamaPili

Mh. Hiyo sentensi ya mwisho imenikaa vibaya. Sasa nirudishe mbwa?

Jicho la Pembeni

Hapana usirudishe. Badili lengo tu. Umekuja hapa unataka wawe marafiki, wewe tafuta wapuuzane. Mbwa aliyelala chumba cha pili wakati simbilisi wanapiga kelele za chakula, hiyo ndo kilele, zaidi ya hapo ni tamaa yako wewe ya kupiga picha, wao hawahitaji.

bintimkimya

Jamani mnamtisha dada wa watu bure. Mimi nina mbwa na simbilisi mwaka wa pili huu, mbwa anawalamba, wanamzoea, hata usingizi wanalala karibu karibu. Kila mbwa na tabia yake, msijumlishe. Mnaongea kama mbwa wote ni fisi.

Ngedere Mzee

Bintimkimya mbwa wako ni wa aina gani na ukitoka nyumbani unawaacha pamoja?

bintimkimya

Labrador, jike, ana miaka kumi na moja sasa. Hapana nikitoka nafunga mlango wa chumba chao.

Ngedere Mzee

Kwa nini unafunga?

bintimkimya

Si basi tu kwa usalama.

Ngedere Mzee

Umejijibu mwenyewe bibie. Halafu miaka kumi na moja kwa Labrador huyo ni bibi, anachowinda siku hizi ni mahali pa kulala.

bintimkimya

Haha sawa hapo umenipata. Ila bado nasema kuna mbwa wanaweza.

Jicho la Pembeni

Wapo, sibishi. Kuna mbwa wana silika ndogo sana ya kuwinda na ukiwapata wakiwa wadogo, ile miezi mitatu ya kwanza hivi, wakakua wanaona simbilisi kila siku kama fenicha, inasaidia sana. Ila Bosi ana miaka minne na anafukuza paka, hatuwezi kumrudisha tumboni. Na hata huyo mpole, kumlamba kupita kiasi sipendi. Mbwa akilamba lamba halafu meno ya mbele yanaanza kugonga gonga kama anatafuta kiroboto, mtoe hapo. Na Labrador wa kilo thelathini hahitaji kuuma, akiweka tu mguu juu ya mgongo wa mnyama asiyefika kilo moja imekwisha.

Sitalala

Nimesoma nikasema nipite kimya lakini ngoja niandike kwa ajili ya mleta uzi.

Mbwa wetu alikaa na simbilisi nyumba moja miezi minane. Minane. Mwanzoni tulikuwa makini, geti, mkanda, kila kitu, baadaye ikawa anapita pale kwenye uzio hata hageuzi shingo, tukaona ameshawaacha. Geti likawa linasukumwa tu bila kufungwa. Siku hiyo mwanangu alimtoa mmoja akae naye kwenye kochi, yule simbilisi akashtuka sijui na nini akaruka sakafuni akakata kona kuelekea chini ya kabati. Mbwa alikuwa amelala. Nasema amelala, macho yamefumba. Mimi nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka pale nimeshika kikombe, na kikombe kilikuwa hakijafika chini wakati kila kitu kimeisha. Hakukuwa na damu hata tone. Mbwa alimwachia hapo hapo akaniangalia kama anauliza sasa tunafanya nini.

Sikumpiga mbwa, ningempigia nini. Kilichomwamsha ni ule mchakacho wa miguu midogo sakafuni. Miezi minane alikuwa anawaona wametulia wanatafuna, hajawahi kuona mmoja anakimbia nje ya uzio. Sisi tukadhani ameshafaulu mtihani kumbe mtihani wenyewe alikuwa hajawahi kupewa.

MamaPili

Pole sana ndugu yangu. Na mtoto?

Sitalala

Ahsante. Mtoto alikaa muda bila kutaka kumshika mbwa. Sasa hivi wako sawa. Simbilisi aliyebaki tulimtafutia mwenzie maana hawa hawakai peke yao, na chumba chao kina milango miwili.

fundi_vizimba

Haya tuingie kwenye vifaa sasa, huko ndo kwangu.

Huo uzio wa nyavu za kuunganisha ni mzuri sana kwa nafasi, nautetea kila siku, ila umetengenezwa kuzuia simbilisi wasitoke, haukutengenezwa kuzuia mbwa asiingie. Zile kona za plastiki zinazoshika nyavu, mbwa wa kilo tisa akiegemea na miguu miwili ya mbele zinaachia kama vifungo vya shati. Nimejaribu na mbwa wangu mwenyewe bila simbilisi ndani, ilichukua sekunde tatu.

Kwanza watoe sebuleni. Sebule ndo njia ya kila mtu. Chumba chochote chenye mlango unaofunga kweli, siyo pazia, kisiwe na jua kali moja kwa moja wala upepo. Kama hakuna chumba cha ziada basi chumba chenu cha kulala, shem avumilie kelele za alfajiri.

La pili, kizimba kinyanyue. Meza imara au stendi ya mbao, sakafu ya kizimba iwe usawa wa kiuno chako. Simbilisi kitu kikitokea juu yake anaona mwewe, kikitokea usawa wake ana nafuu, na mbwa akiwa chini haoni vizuri kinachoendelea huko juu. Kingo ziwe ndefu maana simbilisi akianguka kutoka urefu huo anavunjika. Kifuniko cha wavu chenye fremu ya mbao na makomeo mawili. Nimesema mawili kwa sababu moja utasahau.

Halafu vibanda vya kujifichia ndani, kila simbilisi na cha kwake na kimoja cha ziada, na kila kibanda kiwe na matundu mawili. Kibanda cha mlango mmoja mnyonge anabanwa humo na mwenzie hasa wakiwa na hofu. Na upande mmoja wa kizimba uwekee ubao au kitambaa kizito wawe na sehemu ambayo hawaonekani kabisa.

Mlangoni pa chumba weka geti la watoto kwa nje ya mlango. Kwa hiyo ni geti, mlango, kifuniko. Vitu vitatu viharibike siku moja ndo upate msiba.

MamaPili

Fundi naomba kuuliza, mi nina mbao tayari, matundu ya wavu yawe na ukubwa gani?

fundi_vizimba

Pua ya mbwa isipite. Sentimita mbili na nusu hivi kwenda chini. Na waya uwe mgumu, ule laini wa kuku mbwa anautoboa.

Sindano

Mnaongelea meno tu, mimi niongeze ya upande wetu maana nafanya kazi kwa daktari wa mifugo na vitu hivi vinakuja mezani.

Kuna bakteria anaitwa Bordetella bronchiseptica. Kwa mbwa ni mmoja wa wanaoleta kile kikohozi kikavu cha mbwa waliokaa wengi pamoja, na mbwa anaweza kumbeba puani bila kukohoa hata mara moja. Kwa simbilisi huyo huyo analeta nimonia, na nimonia ya simbilisi haina subira. Kwa hiyo hata mbwa akiwa malaika, pua kwa pua hapana. Bosi anatoka wapi, alikaa kwenye banda la kulaza mbwa hivi karibuni? Anakohoa? Na kama atachanjwa chanjo ya kikohozi hicho mwambie daktari kabisa kwamba nyumbani una simbilisi, maana ile ya matone ya puani ina bakteria hai waliodhoofishwa na mbwa anaweza kuwatoa kwa muda baada ya hapo. Ipo ya sindano pia. Unawe mikono ukitoka kwa mbwa kwenda kwa simbilisi, jambo dogo ila watu hawalifanyi.

Dawa za viroboto za mbwa usiwapake simbilisi, usigawe, usipunguze dozi ukajiona mjanja. Ukimpaka Bosi ya matone mgongoni basi siku hiyo na ya kesho yake usimkumbatie yeye halafu ukawabebe wao na nguo hiyo hiyo.

Kubwa kuliko yote, Mungu apishie mbali, mbwa akimgusa simbilisi kwa meno hata ukaona kitone tu cha jino, huyo ni mgonjwa wa leo leo. Jino la mbwa linaingia kwa ndani ngozi inajifunga juu na uchafu umebaki chini. Halafu watu wana amoksilini kabatini wanasema ngoja nimpe kidogo. AMOKSILINI INAUA SIMBILISI. Yeye na jamii nzima ya penisilini kwa mdomo, inafyeka bakteria wazuri wa tumboni wanabaki wale wenye sumu, mnyama anaharisha anakufa ndani ya siku chache, na mwenye mnyama anadhani ni kidonda. Nimeona hilo kuliko nilivyoona waliokufa kwa meno yenyewe.

Karafuu

Duh hiyo ya amoksilini nilikuwa sijui na nina simbilisi mwaka wa tatu. Ahsante sana.

Naomba nidandie uzi, wangu ana mimba na jirani ana mbwa anakuja kuja, hofu inaweza kumdhuru?

Sindano

Inaweza ndiyo. Mimba yao ni ndefu, siku 59 mpaka 72 hivi, na mwishoni mama anakuwa kama mpira. Mama mnene mwenye mimba kubwa akipata msongo akaacha kula, mwili unaanza kuchoma mafuta yake kwa fujo na sumu inampanda, anaweza kufa na watoto tumboni. Mbwa wa jirani asivuke kizingiti mpaka watoto wamezaliwa na wiki kadhaa zimepita.

Karafuu

Nimekusikia, leo leo naongea na jirani.

MamaPili

Sasa wataalam, nitajuaje kama simbilisi wangu wana hofu kali au ni kushtuka tu kwa kawaida? Maana Bi Mkubwa hata nikipiga chafya anaenda kujificha.

Sindano

Mizani. Nunua mizani ya jikoni inayosoma gramu, wapime kila siku wiki mbili za kabla na mwezi wa kwanza wa mbwa, saa ile ile. Kupanda na kushuka gramu ishirini thelathini ni kawaida, inategemea kala saa ngapi kajisaidia saa ngapi. Ukiona hamsini na inaendelea kushuka, daktari. Angalia mavi pia, yakiwa machache, madogo, makavu au yameunganika kama shanga ujue tumbo linapunguza mwendo. Asiyekula masaa kumi na mbili hiyo ni dharura, usisubiri asubuhi. Na hoho wape, wenyewe hawatengenezi vitamini C mwilini kama sisi tu, na msongo unaitafuna.

MamaPili

Nimeandika vyote. Wiki mbili zijazo naleta mrejesho. Shem wenu kashatoa meza yake ya kazi, anasema hiyo ni gharama ya kuwa sahihi.

MamaPili

MREJESHO WA KWANZA

Kizimba kimehamia chumba cha mwisho, juu ya meza, kifuniko makomeo mawili, geti nje. Kaka alinitumia blanketi la Bosi kabla hajaja kama Jicho alivyonielekeza faragha, nikakata kipande nikaweka nje ya kizimba siku ya kwanza, siku ya tatu nikasogeza kikawa karibu na nyasi zao. Pili alisaga meno, ile krrr krrr ya hasira, nywele za shingo zikasimama. Karanga aliganda. Dakika saba nimehesabu kwa saa, amesimama na jani mdomoni hatafuni, na hapo ndo nikamkumbuka Jicho, maana miaka yote hiyo nikimpakata huwa yuko hivyo hivyo na mimi nawaambia watu ana utulivu wa ajabu. Nililia kidogo, siwafichi.

Bi Mkubwa yeye alilitazama blanketi, akaligeuzia mgongo, akalikojolea.

Ngedere Mzee

Bi Mkubwa apewe cheo.

MamaPili

MREJESHO WA PILI, Bosi amefika, leo siku ya kumi na mbili.

Siku tatu za kwanza hajajua hata kama kuna simbilisi, anakaa upande wetu wa nyumba, kula, kutembea, kulala kwenye kreti. Siku ya nne upepo ulileta harufu au sijui nini, akaenda kusimama mbele ya geti. Jicho naomba uisome vizuri hii maana sijui nimeifanya sawa. Alisimama mwili umenyooka kama ubao, mdomo umefungwa, sikio zote mbele, mguu mmoja wa mbele umeinuka kidogo, anatetemeka nyuma. Nikamwita, hasikii. Mbwa ambaye ukifungua mdomo tu anakuja, hasikii kabisa. Nikamtoa kwa mkanda.

Na kitu kingine. Kaka alimletea midoli yake, ile ya mpira inayolia ukiibana. Juzi nafungua friji, simbilisi wakasikia, wakapiga ile miluzi yao wiiik wiiik, Bosi akanyanyuka akaenda kuchukua mdoli wake akaubana, ukalia, akageuka kuangalia mlango wa simbilisi. Akaubana tena. Akaangalia mlango. Wakuu, nilihisi damu inashuka miguuni.

Jicho la Pembeni

Dada umesoma mbwa wako vizuri kuliko wateja wangu wengi. Hiyo uliyoiona getini ndo kukodoa, ukiona hivyo umeshachelewa kidogo, ulikuwa karibu mno. Midoli inayolia yote leo itoke ndani. Ule mlio umetengenezwa ufanane na kinyama kinachobanwa, ndo maana mbwa wanaupenda, na wewe una watatu wanaotoa mlio huo huo mara nne kwa siku.

Sasa fanya hivi. Anzia mbali, mwisho wa korido, mlango wa simbilisi umefungwa. Mwenzio afungue friji au akwaruze mfuko mpaka waanze miluzi. Ile tu wanapoanza, kabla Bosi hajaganda, mpe kipande cha kuku. Wakinyamaza kuku anaisha. Wiiik kuku, kimya hakuna. Baada ya siku kadhaa akisikia wiiik atakugeukia wewe badala ya mlango, na hapo ndo unaanza kumwambia aende kwenye mkeka wake na kuku anampokelea kule. Vipindi vya dakika tatu nne, mara mbili kwa siku, basi. Ukisogea karibu akaganda, rudi nyuma, usimkaripie. Ukimkaripia atajifunza simbilisi wanaleta ugomvi, na siku haupo atamaliza ugomvi kwa njia yake.

Umchoshe pia. Terrier asiye na kazi anajitafutia. Mfichie chakula bustanini anuse atafute, mpe mahali pa kuchimba, mcheze kuvuta kamba. Hiyo silika haiondoki, unaipa tu pa kwenda.

Sitalala

Na mkanda usimvue ndani ya nyumba kipindi hiki hata kama inaonekana ujinga. Auburuze tu ukiwepo unamwangalia.

bintimkimya

Nilikuja na ubishi nimebaki kusoma. Hii ya wiiik kuku hata wangu nitamfundisha.

MamaPili

MREJESHO WA TATU, mwezi wa nne huu, samahani kwa kupotea.

Kwanza mizani. Bi Mkubwa alikuwa 940 kabla, wiki ya kwanza ya mbwa akashuka 905 nikapaniki, nikampeleka, akaonekana hana kitu, wiki ya tatu akarudi 930 na sasa anacheza hapo hapo. Karanga hatumpakati tena. Nakaa sakafuni chumbani mwao mlango umefungwa, wanatembea kwenye kiuzio chao, akitaka anakuja. Wiki iliyopita alipanda pajani mwenyewe, akakaa, akatafuna. Anatafuna! Miaka miwili nimempakata hajawahi kutafuna mikononi mwangu.

Bosi ilichukua wiki sita kabla ya kugeuka mwenyewe bila kuitwa. Tulirudi nyuma mara mbili, mara moja ni mimi nilijiona nimeshafuzu nikasogea hatua nne kwa siku moja, akaganda, nikaanza upya kutoka mwisho wa korido. Sasa nikifungua friji, simbilisi wakaanza kelele, Bosi anatoka popote alipo anaenda kwenye mkeka anakaa ananitolea macho. Friji limekuwa kengele ya watu wanne. Kuku anaisha nyumba hii.

Sijawakutanisha na sitawakutanisha. Mgeni akija lazima aulize "kwani bado hawajazoeana?" nachoka kueleza. Zamani ningeona aibu.

Ila shem wenu kaniomba picha ya familia, anasema nilimwahidi. Nimempigia. Bosi kalala upande huu wa geti kidevu kwenye mkeka, ndani mlango wazi kwa dakika hiyo moja na mkanda mkononi mwangu, Bi Mkubwa yuko juu kwenye kizimba anatafuna nyasi amewapa wote mgongo.

fundi_vizimba

Makomeo yote mawili?

MamaPili

Yote mawili fundi.